Sakafu Iwe Juu Kiasi Gani? Historia Fupi ya Kujenga Bondeni Rufiji



Kila mwaka kijitabu hiki hueleza fedha zilizoingia, zilizotoka na tunazoomba kwa mwaka unaofuata. Safari hii Kamati imeniomba mimi, mweka hazina wenu, niandike jambo jingine kabla ya kurasa za hesabu, kwa sababu mkutano mkuu uliopita ulifungwa na hoja ambayo haikupata jibu. Tunakusudia kujenga wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu. Makadirio yalipoletwa, watu walishtuka kuona msingi peke yake unakula karibu theluthi ya gharama yote. Mjumbe mmoja akasimama, akauliza, "Jamani, tunajenga wodi au tunajenga ngazi ya kwenda mbinguni?" Ukumbi ukacheka, na makofi yakapigwa.

Swali lile lilikuwa la haki. Anayechangia elfu kumi yake kutoka kwenye genge la Mbagala ana haki ya kujua kwa nini ifukiwe ardhini badala ya kununua kitanda. Mimi ni mhasibu, si mhandisi, na nilidhani jibu lingepatikana kwa kurudia hesabu. Nilipokaa na wazee niligundua kwamba limo kwenye historia yetu wenyewe, na sehemu ya historia hiyo ina saini yangu.

Mto na desturi yake

Tuanze na mto, maana wengi waliozaliwa mjini wanadhani Rufiji hufurika kwa mvua za kwetu. Maji mengi tunayoyaona Aprili hayakunyesha Utete wala Ikwiriri. Yamekusanywa na mito mitatu mikubwa, Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kutoka nyanda za Njombe, Iringa, Mbeya, Morogoro na Ruvuma. Bonde lote la mto huu linakadiriwa kuwa na kilometa za mraba 177,000 hivi, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji ya karibu eneo lote hilo hupita kwenye korongo jembamba la Stiegler, kisha huachiwa kwenye uwanda wetu tambarare kabla ya kugawanyika kwenye delta na kuingia baharini kupitia mikoko. Ndiyo maana jua linaweza kuwaka siku tatu kwetu na mto ukazidi kupanda.

Kwa babu zetu jambo hilo halikuwa maafa. Lilikuwa kalenda. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza ili uwe umerefuka maji yanapoingia shambani. Mto ulipanda Machi na Aprili, ukashuka baadaye, ukaacha tope jipya. Kwenye tope hilo ndipo ulipolimwa mlau: mahindi, kunde, maboga na pamba, bila tone la mvua, kwa unyevu uliobaki ardhini. Mwaka ambao mto haukutoka ndio uliokuwa mwaka wa njaa. Mpunga wa bonde hili ulisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja, na boriti za mikoko ya delta zilijenga nyumba za mwambao wote mpaka Uarabuni.

Kwa hiyo wazee wetu hawakujiuliza namna ya kuzuia mafuriko. Walijiuliza namna ya kukaa nayo.

Dungu: kanuni isiyoandikwa

Jibu lao lilikuwa dungu. Vijana wetu wanalijua dungu kama kibanda cha kulindia nguruwe na nyani shambani, na kweli lilifanya kazi hiyo. Lakini bondeni dungu lilikuwa pia nyumba ya msimu wa maji. Nguzo za miti migumu zilichimbiwa chini, jukwaa likafungwa juu kuliko kichwa cha mtu, likaezekwa, ngazi ikaegeshwa, na mtumbwi ukafungwa kwenye nguzo. Marehemu bibi yangu alinisimulia kwamba walitandaza udongo mnene kwenye kona moja ya jukwaa ili mafiga yakae bila kuunguza fito. Walipika pale, wakalala pale, na maji yakapita chini yao.

Nilimuuliza bibi walijuaje jukwaa liwe juu kiasi gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. Alisema baba yake hakupanda mti wa jukwaa kabla ya kwenda kuangalia alama ya maji kwenye miti mikubwa ya jirani, ule mstari wa tope na takataka unaobaki kwenye gome. Alama ya juu kuliko zote aliyoikumbuka, au aliyoonyeshwa na baba yake mwenyewe, ndiyo aliyoanzia. Juu ya hapo aliongeza mkono mmoja, "wa mto," alisema bibi, "maana mto nao una siri zake."

Soma tena maneno hayo kwa jicho la mhasibu. Kipimo kilianza na maji makubwa kuliko yote yanayokumbukwa, kikaongezwa akiba, ndipo miti ikahesabiwa. Gharama ilifuata kipimo. Wahandisi wa leo wana jina refu na michoro mingi kwa jambo hilo, lakini mpangilio wake ni uleule.

Nyumba ya kawaida, ile iliyojengwa kwenye sehemu zilizoinuka kidogo kando ya mto, nayo ilikuwa na akili yake. Ilikuwa ya miti, fito na udongo. Maji yakiingia, udongo ulidondoka na miti ikabaki imesimama. Maji yakishuka, majirani walikuja kukandika, na kwa siku chache nyumba ilikuwa imerudi. Haikuwa nyumba imara kwa maana yetu ya leo, lakini hasara yake ilikuwa ndogo na mwenye nyumba alijua atakavyoifidia.

1968 na safari ya kwenda mwinuko

Mwaka 1968 mto ulitoka kwa kishindo. Mashamba yaliharibika, serikali ikaleta chakula, na ukatolewa uamuzi uliobadilisha maisha yetu kuliko mafuriko yenyewe. Watu waliokuwa wametawanyika bondeni, kila familia karibu na shamba lake, walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya mwinuko. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji, miongoni mwa operesheni za kwanza za aina yake nchini, miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji iliyoenea Tanzania nzima katikati ya miaka ya 1970.

Si haki kuisema operesheni ile kwa ubaya mtupu. Iliwaweka watu pamoja, ikawezekana kupeleka shule, zahanati na visima. Mimi nimesoma kwa sababu yake. Mafuriko makubwa ya 1974 yalipokuja, wengi walikuwa tayari wako juu. Lakini mashamba yalibaki chini. Udongo wa mwinuko ni wa kichanga, haulishi familia kama tope la mto. Watu walitembea masaa kwenda shamba, na shamba lisilolaliwa likawa karamu ya nguruwe na viboko. Kwa hiyo wakati wa kilimo walirudi kwenye madungu, na wakati wa kodi na mikutano walikuwa kijijini.

Kilichopotea polepole ni ile kanuni ya alama. Nyumba ya kudumu ilihamia mahali ambapo maji hayafiki, kwa hiyo haikuwa na haja ya kupimwa dhidi ya maji. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kujenga bila kuuliza mto ulifika wapi. Dungu likabaki kibanda cha kulindia nyani.

Kurudi bondeni na zama za bloku

Kisha tukaanza kuteremka tena. Hakuna aliyetangaza. Soko lilisogea karibu na barabara, barabara ilifuata kivuko cha Ndundu, na Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, biashara ya kusini ikapita kwetu bila kusubiri pantoni. Mwenye duka alitaka kuwa karibu na gari, mwenye ufuta na korosho akataka ghala karibu na duka. Maji ya El Nino ya 1997 na 1998 yalitukumbusha kidogo, tukasahau.

Tuliporudi hatukurudi na dungu wala na miti na udongo. Tulirudi na bloku na bati, na ndani ya moyo tulijiambia kwamba saruji haiogopi maji. Hapo ndipo tulipokosea. Nyumba ya bloku ikisimama kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, msingi wake mfupi hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka ukuta unachora nyufa. Maji yanayotembea hula udongo pembeni mwa msingi, hasa kwenye kona. Yakijaa nje kabla ya kuingia ndani, yanasukuma ukuta upande mmoja. Na tofali zikiwa zimefyatuliwa kwa kubania saruji, kama wengi wanavyofanya, zinanyonya maji na kulainika kama mkate kwenye chai. Nyumba ya udongo iliyoanguka ilikuwa hasara ya wiki moja ya kazi. Nyumba ya bloku iliyoanguka ni akiba ya miaka kumi.

Sasa nifike kwenye saini yangu. Mwaka 2015 chama chetu kilijenga nyumba ya walimu ya familia mbili. Fundi, mzaliwa wa kwetu, alitaka sakafu iwe kozi sita za tofali juu ya ardhi. Fedha hazikutosha. Niliketi na kalamu nyekundu nikatafuta pa kukata, na nikaona kozi tatu ambazo hazionekani kwenye picha ya uzinduzi. Nilizifuta, pamoja na malori ya kifusi ya kujaza chini ya jamvi. Fundi alilalamika, nikamwambia fedha ni za wachangiaji. Ukiwa na kijitabu cha mwaka ule utakuta sentensi isemayo Kamati ilifanikiwa kuokoa shilingi milioni mbili na laki mbili. Niliiandika mimi, na nilijivunia.

Aprili 2024 maji yaliingia kwenye nyumba ile na kusimama futi mbili juu ya sakafu, siku kadhaa. Magodoro, madaftari, unga na vyeti vya walimu vililoa. Tumetumia shilingi milioni nane na laki sita kuikarabati, na mwalimu mmoja aliomba uhamisho, hakurudi. Nilikwenda na futi yangu nikapima mstari wa tope ukutani. Kisha nikapima kozi tatu za tofali pamoja na udongo wa saruji kati yake. Ni futi mbili na inchi nne.

Haki isemwe: kona moja ilichimbwa na maji, na hiyo ingepasuka hata kama sakafu ingekuwa juu. Lakini walimu wangelala pakavu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ndiye niliyelipia ukuta kwa fedha zenu.

Sheria inapima kwenda mbali, mto unapima kwenda juu

Baada ya hapo nilijiuliza kama kuna sheria ambayo ingenizuia. Ipo sheria, lakini isingenizuia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Ni sheria nzuri kwa mto wenye kingo ndefu na bonde jembamba.

Kwetu uwanda wa mafuriko una upana wa kilometa zaidi ya kumi sehemu nyingi. Mtu anaweza kujenga kilometa tatu kutoka mtoni, akawa ameitii sheria kwa usahihi kamili, na bado akaamka kitanda kinaelea. Mwingine anaweza kuwa mita mia mbili kutoka ukingoni, juu ya kilima, akalala salama. Kinachoamua ni kimo cha sakafu ukilinganisha na kimo cha maji. Umbali hautoshi kulijibu swali hilo. Vibali vya ujenzi navyo ni mambo ya mijini zaidi. Kijijini mlinzi wa jengo ni jicho la fundi na mfuko wa mwenye nyumba. Na ramani za majengo ya umma huwa zile zile kwa nchi nzima, kimo kile kile cha sakafu kwa Dodoma kwenye ukame na kwa Rufiji kwenye maji.

Wenzetu wa mbali waliligundua jambo hili kwa gharama. Mwaka uleule wa 1968, tulipokuwa tunahamishwa bondeni, Marekani ilipitisha sheria ya bima ya mafuriko, na kipimo kilichokuja kutumika huko ni mafuriko yenye nafasi ya asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote. Sakafu ya nyumba mpya hupimwa dhidi ya kimo hicho. Watu huyaita mafuriko ya miaka mia, na jina hilo huwapotosha wengi wakadhani yakija leo yatarudi baada ya miaka mia. Sivyo. Ni kama karata: kila mwaka inachanganywa upya.

Nimefanya hesabu hiyo. Jengo litakalodumu miaka 30, likiwa chini ya kimo cha mafuriko yenye nafasi ya asilimia 1 kwa mwaka, lina nafasi ya asilimia 26 ya kufikiwa na maji angalau mara moja. Yaani zaidi ya mara moja katika nne. Likiwa chini ya kimo cha mafuriko yenye nafasi ya asilimia 10 kwa mwaka, yale yanayokuja kwa wastani mara moja katika miaka kumi, nafasi inapanda hadi asilimia 96. Hiyo si bahati mbaya tena. Ni deni ambalo tarehe yake ya kulipwa tu ndiyo haijaandikwa.

Je, bwawa halitatukinga?

Hili ndilo swali la pili lililoulizwa mkutanoni. Wengi wanasema, bwawa limejengwa, mto umefungwa, kwa nini tuendelee kuogopa maji ya wakati wa babu?

Tumezoea kusikia habari za mabwawa. Kidatu lilikamilika 1975 na Mtera 1980, lakini yote mawili yako kwenye Ruaha Mkuu, na zaidi ya nusu ya maji yetu huletwa na Kilombero. Bwawa la Julius Nyerere ni jambo jingine, maana limekaa pale pale kwenye korongo linapopita kila kitu. Lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Miezi miwili baadaye bonde likafurika.

Mnakumbuka mjadala uliofuata. Serikali ilieleza kwamba mvua zilikuwa kubwa mno na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Wengi wetu tunaoishi chini ya bwawa tulikuwa na maneno yetu. Sitauamua ubishi huo kwenye kijitabu cha michango. Nasema tu yale ambayo pande zote zinakubaliana: bwawa lina kipimo chake, likijaa wakati mvua zinaendelea maji lazima yaachiwe, na yakiachiwa njia yake ni sisi. Mvua za msimu ule zilikuwa za nchi nzima. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini na zaidi ya 200,000 kuathirika. Siku chache baadaye Kimbunga Hidaya kikapita mwambao wetu, na barabara ya kusini ikakatika eneo la Somanga.

Kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Bwawa litatupa miaka mingi ya maji madogo. Kijana atakayezaliwa leo anaweza kufika miaka 20 bila kuona mto ukitoka vizuri, na atajenga chini, kwa bei nafuu, kwa moyo mweupe. Maji makubwa yakija siku hiyo yatakuta nyumba nyingi kuliko yalizozikuta kwa babu zetu. Kwa hiyo bwawa halitupi ruhusa ya kusahau alama. Linatulazimisha tuziandike, kwa sababu mto wenyewe hautatukumbusha kila mwaka.

Jinsi tulivyopima

Mwezi Agosti 2024, kabla mvua mpya hazijafuta mistari ya tope, Kamati ilikwenda nyumbani. Tuliwaita wazee, akina mama, walimu na yule fundi niliyemkatia kozi tatu. Alama ya 2024 ilikuwa wazi kwenye kuta na kwenye mkwaju ulio nyuma ya zahanati. Alama ya 1998 ilionyeshwa na mama mmoja aliyepandisha mahindi yake juu ya tawi mwaka ule. Ya 1974 ilileta ubishi. Mzee mmoja alisema maji yalifika ngazi ya pili ya msikiti, mwingine akaapa ni ya tatu. Katika uhasibu tuna kanuni ya tahadhari: ukiwa na makadirio mawili ya hasara na huna uhakika, unaandika kubwa. Tukachukua ngazi ya tatu.

Fundi alichukua mpira mwembamba wa plastiki unaoona ndani, akaujaza maji, akashika ncha moja kwenye alama na msaidizi wake akatembea na ncha nyingine, hatua kwa hatua kutoka nguzo hadi nguzo, mpaka kwenye kiwanja cha wodi. Maji kwenye ncha mbili za mpira yakitulia huwa kimo kimoja. Nilisimama nikitazama na kuwaza kwamba tunayatumia maji yenyewe kutuambia yatafika wapi. Kwenye nguzo ya kiwanja akapiga msumari. Msumari ule ulikuwa kifuani mwangu. Hakuna aliyecheka habari za ngazi ya mbinguni.

Tuliuliza pia kama wodi inaweza kuhamia mwinuko. Jibu ni kwamba zahanati, maji ya bomba, umeme na nyumba ya muuguzi viko pale pale. Kuhamisha vyote ni zaidi ya uwezo wetu kwa sasa, ingawa kiwanja cha mwinuko tumeomba kijiji kitutengee kwa majengo yajayo. Na tusisahau wodi hii ni ya nani. Aprili 2024 wajawazito walivushwa kwa mitumbwi kutafuta mahali pakavu pa kujifungulia. Mimba haisubiri maji yashuke. Jengo pekee ambalo haliruhusiwi kufungwa mwezi wa Aprili ni hili.

Tunachoomba

Kamati imekubaliana kwamba kuanzia mwaka huu hakuna shilingi ya chama itakayotoka kwa jengo lolote la bondeni bila masharti haya kuandikwa kwenye makadirio na kusainiwa na mweka hazina:

Kwanza, alama ya maji makubwa kuliko yote yanayokumbukwa ihamishiwe kwenye kiwanja na ionekane kwa macho. Pili, sakafu iwe juu ya alama hiyo kwa mkono mmoja, ule wa bibi, ambao tumeuandika kuwa nusu mita. Tatu, msingi uchimbwe mpaka udongo mgumu, kona zizungushiwe mawe, na mkanda wa zege na nondo upite juu ya msingi wote. Nne, swichi, soketi, dawa na majalada vikae juu zaidi, na choo kipandishwe kama jengo lenyewe, maana shimo la choo likifurika maji yake huishia kisimani. Tano, kuwe na njia ya mteremko ya kupitisha machela na mahali pa kufunga mtumbwi. Msicheke hilo la mtumbwi. Babu zetu waliujengea nguzo.

Masharti haya yanafanya msingi uwe ghali. Wodi ya makadirio ya kwanza ingekuwa na vitanda sita. Hii itaanza na vinne, na chumba cha tano kitabaki kuta mpaka tutakapopata fedha zaidi. Nimeiandika hasara hiyo waziwazi kwenye ukurasa wa hesabu ili kila mmoja aione. Napendelea kuwaeleza leo kwa nini vitanda ni vinne kuliko kuwaeleza miaka kumi ijayo kwa nini sita vimeelea.

Mchango wa mwaka huu tumeugawa kwa namna ambayo kila mtu ataelewa fedha yake ilipokaa. Anayetoa kidogo ananunua tofali za kozi zilizo chini ya alama, zile ambazo hazitaonekana kwenye picha. Anayetoa zaidi analipia lori la kifusi au nondo za mkanda. Vikundi vya akina mama vya Temeke na Mbagala tayari vimechukua kozi ya kwanza nzima. Siku ya uzinduzi tutapiga picha tukiwa tumesimama pembeni ya msingi, na msumari wa fundi utabaki ukutani, umeandikwa miaka yake: 1974, 1998, 2024.

Kozi tatu nilizozifuta kwa kalamu nyekundu nimezichangia mimi mwenyewe. Risiti iko ofisini, na nakala imebandikwa kwenye daftari la mwaka 2015, pembeni ya ile sentensi yangu.

Mweka Hazina
Kwa niaba ya Kamati Tendaji